Niliandika hoja sita kamili nikapata 62: fasihi ya Marekani inataka nini?

SWALI

Shikamooni wakubwa wa safu hii,

Mimi ni mwanafunzi wa gredi ya 11 katika shule ya umma jimboni Georgia, Marekani. Nilitoka Morogoro nikiwa nimemaliza kidato cha tatu, nikaja kukaa kwa mjomba karibu na Atlanta. Sasa nina mwaka mmoja na miezi miwili. Hesabu na kemia naenda vizuri. Kinachonikosesha usingizi ni fasihi ya Marekani.

Tulisoma The Great Gatsby cha Fitzgerald, tukaandika insha kuhusu ndoto ya Marekani, yaani imani kwamba yeyote akijituma huko atafanikiwa. Niliandika kama nilivyofundishwa nyumbani: utangulizi unaomweleza mwandishi, hoja sita (mapenzi, tamaa, usaliti, matabaka, ulevi na uongo), kila hoja na mfano wake, kisha hitimisho. Kurasa nne, bila kosa la tahajia. Nikapata 62. Mwalimu ameandika pembeni mara tatu kwamba nasimulia hadithi, na mwishoni ameuliza dai langu ni lipi. Hoja sita si ndiyo madai yenyewe?

Mtihani wa mada nilipata 74. Majaribio madogo ya usomaji nina 80, 75, 70, 85 na sifuri mbili: moja siku hiyo nilikuwa mgonjwa, nyingine nilifanya kwenye karatasi lakini sikuipandisha kwenye mfumo wa shule. Mazoezi ya kila siku yako kumi. Saba nina 80 kila moja, matatu ni sifuri. Silabasi inasema kazi kubwa zina asilimia 50, ndogo 30, mazoezi 20. Kazi iliyochelewa hupokelewa hadi mada iishe, kwa alama zisizozidi 70, na insha inaruhusiwa kuandikwa upya mara moja ndani ya wiki mbili. Leo mfumo unaonyesha 61, na kufaulu ni 70.

Kingine ni semina. Tunakaa duara tunajadili wenyewe, mwalimu anasikiliza na kuandika. Ya kwanza nilikaa kimya mwanzo hadi mwisho. Hakuihesabu, ila ameniambia ya pili itahesabiwa. Ni wiki ijayo, juu ya shairi la Langston Hughes kuhusu mito. Rafiki yangu ananishauri programu ya akili bandia iniandikie kila kitu. Mjomba anasema nihamie somo jepesi zaidi la Kiingereza. Nifanyeje?

Mwanafunzi wa gredi ya 11, Georgia

JIBU

Marahaba, mwanetu. Pole, na ahsante kwa kutuletea takwimu zako zote, maana bila hizo tungekupa maneno matupu.

Tuanze na mjomba, kwa sababu ukifuata ushauri wake mengine yote hayatakuwa na kazi. Mwambie kwa heshima kwamba Georgia humtaka mwanafunzi awe na krediti 23 ili ahitimu. Kati ya hizo 4 ni za Kiingereza, na mojawapo ya hizo 4 lazima iwe fasihi ya Marekani na uandishi. Ukilikimbia leo utalikuta mwakani, ukiwa na maombi ya chuo mkononi. Kaa hapo hapo.

Sasa alama. Umetoka kwenye mfumo ambao mtihani wa mwisho ndio unaoamua, na mwaka mzima ni maandalizi. Huko uliko, alama hukusanywa kila wiki kuanzia wiki ya kwanza, na kazi ambayo haikuonekana kwenye mfumo haipo, hata kama uliifanya vizuri mno kwenye karatasi. Tazama hesabu yako. Kazi kubwa: 62 na 74, wastani 68, nusu yake ni 34. Kazi ndogo: jumla 310, gawanya kwa 6, ni 51.7, asilimia 30 ya hiyo ni 15.5. Mazoezi: jumla 560, gawanya kwa 10, ni 56, asilimia 20 yake ni 11.2. Jumla 60.7, na hiyo ndiyo 61 unayoiona.

Ondoa sifuri tano kwa kufanya kazi hizo na kuzipandisha, hata kwa ile 70 ya waliochelewa. Majaribio yanakuwa na jumla 450, wastani 75, yaani 22.5. Mazoezi yanakuwa 770, wastani 77, yaani 15.4. Ukijumlisha na ile 34 unapata 71.9. Umeshafaulu, na insha bado hatujaigusa. Insha nayo ikipanda kutoka 62 hadi 80, kazi kubwa zinakuwa na wastani wa 77, na jumla yako inafika 76.4. Ni muhimu ulione hili kwa macho yako: zaidi ya alama 11 zimekwama kwenye sifuri, na karibu alama 5 kwenye insha. Wewe unaogopa insha, lakini kinachokuzamisha ni sifuri.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, leo jioni, ni barua pepe kwa mwalimu. Iwe fupi. Mwanzo wake uwe jina lake la ukoo pamoja na cheo anachotumia, Bwana au Bibi au Daktari. Kwetu kumwita mtu "Mwalimu" ni heshima kubwa. Kwa Kiingereza cha Marekani, mwanafunzi wa umri wako akimwita hivyo, inasikika kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha taja kipindi chako, na uulize mambo matatu tu:

"Naitwa fulani, kipindi cha tatu. Nina sifuri kwenye majaribio mawili na mazoezi matatu, nimeyaorodhesha hapa chini. Je, yote bado yanapokelewa, na tarehe ya mwisho ni ipi? Jaribio moja ni la siku niliyougua. Je, naweza kulifanya kama fidia kwa alama kamili? Ningependa pia dakika kumi baada ya masomo tuangalie insha yangu pamoja na jedwali la vigezo vya kusahihishia, kabla sijaiandika upya."

Usimwombe alama za nyongeza. Mwalimu anayeombwa kazi ya ziada na mtu mwenye sifuri tano huona kwamba mtu huyo hajasoma silabasi. Lile jaribio la ugonjwa uliulize mahsusi, kwa sababu kukosa kwa udhuru mara nyingi hakuhesabiwi kuwa kuchelewa. Ukifanikiwa hapo, wastani wako utazidi hesabu tuliyokufanyia.

Tuje kwenye insha, ambako ndiko kuna jambo la kuelewa kwa undani.

Ulichofundishwa nyumbani si kibaya. Swali la fasihi la kidato cha nne linapokutaka utumie vitabu viwili, hoja tatu kila kimoja, linapima kama umekisoma kitabu na unaweza kupanga. Anayesahihisha anatafuta hoja sita ili azipe tiki sita. Mwalimu wako wa sasa hatafuti idadi. Anataka dai moja, na anataka kukuona ukilitetea kwa maneno ya kitabu chenyewe hadi likubalike. Kusema "kitabu kina usaliti" si dai, maana hakuna aliyekisoma atakayebisha. Jipime hivi: je, mwenzako aliyesoma kitabu hicho hicho anaweza kusimama na kusema sikubaliani nawe, akawa na ukurasa wa kukuonyesha? Kama hawezi, ulichoandika ni taarifa. Kuna upana nao: "ndoto ya Marekani ni udanganyifu" inabishika, lakini kurasa nne haziwezi kuibeba.

Chukua kitu kidogo ukishike. Kitabu hicho kina sura 9, na taa ya kijani iliyo mwisho wa gati la Daisy, mwanamke anayependwa na mhusika mkuu Gatsby, inaonekana mahali patatu muhimu: mwisho wa sura ya 1, katikati ya sura ya 5, na mwisho kabisa wa sura ya 9. Fasihi ya Kiswahili imekufundisha kuita kitu kama hicho ishara, na ulipokuwa kidato cha pili ulijua kukitafuta. Usiishie kusema taa ni ishara ya matumaini. Hilo kila mtu darasani ataliandika. Uliza taa inabadilika vipi kati ya sura ya 1 na ya 5. Sura ya 1, Gatsby yuko peke yake gizani, ananyoosha mikono kuelekea majini, na Nick, msimulizi wa kitabu, anayemtazama kwa mbali anakaribia kuapa kwamba mtu yule anatetemeka. Sura ya 5, Daisy yuko kando yake, ukungu umefunika ghuba, Gatsby anamwambia kuhusu taa inayowaka usiku kucha kwenye gati lake. Daisy anapitisha mkono wake kwenye mkono wa Gatsby. Hapo ndipo msimulizi anasema hesabu ya vitu vyake vya kimiujiza ilikuwa imepungua kimoja.

Simama kwenye neno "imepungua". Mtu huyu ameisubiri saa hii miaka karibu mitano, ameipata, na neno analolichagua msimulizi ni la hasara. Dai limeshazaliwa: *Fitzgerald anaonyesha kwamba ndoto ya Gatsby haiharibiwi na kushindwa bali na kutimia, kwa sababu thamani yake yote ilikuwa katika umbali.* Mwenzako anaweza kubisha. Anaweza kusema kilichomharibu ni matabaka, akaenda sura ya 7 kwenye ugomvi wa hotelini. Vizuri sana. Jibu pingamizi hilo kwenye aya ya tatu, na insha yako itakuwa na uti wa mgongo.

Aya moja iliyokamilika hujengeka hivi. Sentensi ya kwanza ni sehemu ya dai, si tukio. Sentensi moja tu ya kumweka msomaji mahali: sura gani, nani yuko wapi. Kisha nukuu fupi, maneno manne hadi kumi, imeshonwa ndani ya sentensi yako mwenyewe. Usiitupe peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Baada ya hapo, ufafanuzi unaolenga maneno yenyewe, mrefu angalau mara mbili ya nukuu: kwa nini "hesabu", neno la mtu anayekagua mali yake? Kwa nini inapungua wakati ule ule mkono wa Daisy umeingia kwenye wake? Malizia kwa kurudi kwenye dai. Nukuu mbili za namna hiyo, kila moja na ufafanuzi wake, kwa kila aya, aya tatu za mwili, utangulizi na mwisho, zinakutosha. Kurasa nne zenye nafasi mbili kati ya mistari ni kama maneno 1,000 hadi 1,100. Hoja zako sita zilipata maneno kama 150 kila moja. Ukishasimulia tukio hubaki na nafasi ya kulieleza, na hapo ndipo yalipotoka yale maneno matatu ya pembeni.

Kabla ya kuandika upya, chukua insha ya zamani na kalamu tatu za rangi. Njano kila unaposimulia kilichotokea, kijani kila unaponukuu, buluu kila unapoeleza maneno yanafanya kazi gani. Tunakisia ukurasa wako utakuwa njano tupu. Mpya iwe na njano si zaidi ya sentensi mbili kwa aya, na buluu izidi rangi nyingine zote. Zoezi hili huchukua dakika kumi na tano, na linakuonyesha kile mwalimu alichokiona.

Makosa mengine matatu tunayaona sana kwa wanaotoka kwenye shule zetu. Utangulizi unaanza na historia ya mwandishi, alizaliwa wapi na aliandika vingapi; huko unaanza na swali au jambo la ajabu lililomo kitabuni, na dai lako linakaa mwisho wa aya hiyo ya kwanza. Pili, wakati. Kwa Kiswahili tunasimulia kwa "ali-", lakini insha ya fasihi kwa Kiingereza hueleza matukio ya kitabu kwa wakati uliopo: Gatsby ananyoosha mikono, si alinyoosha. Tatu, hitimisho linalotoa funzo kwa jamii. Swali la "jamii inajifunza nini" halijaulizwa, na ukilijibu unapoteza aya nzima. Tumia nafasi hiyo kwa ile taa ya sura ya 9, ambako Nick anaiondoa kwa Gatsby mmoja na kuwakabidhi watu wote.

Umbo la karatasi lisikusumbue, ni la kufuata tu. Walimu wengi wa somo hili hutumia mtindo wa MLA, yaani kanuni za kupanga karatasi na kutaja vyanzo: herufi za Times New Roman ukubwa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo inchi 1 pande zote. Juu kushoto weka jina lako, la mwalimu, la somo na tarehe, kila moja kwenye mstari wake. Kichwa kikae katikati bila kukolezwa wala kupigiwa mstari. Juu kulia, jina lako la ukoo na namba ya ukurasa. Baada ya nukuu, mabano yenye jina la ukoo la mwandishi na namba ya ukurasa, bila mkato kati yake, na nukta inakuja baada ya mabano. Hiyo nukta hukosewa na karibu kila mtu mara ya kwanza. Kitabu hicho kilichapishwa 1925, na tangu 1 Januari 2021 hakina haki miliki Marekani, kwa hiyo nakala za bure ziko Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Ila nakala hizo hazina namba za kurasa kama kitabu cha darasani. Soma popote, nukuu kutoka kile mlichopewa shuleni.

Kuhusu kusoma kwenyewe. Sura ya kurasa 20 kwa dakika tatu kila ukurasa ni saa nzima, na lugha ikiwa ya pili si jambo la aibu. Igawe kwa siku mbili, kurasa kumi kumi, na sura ya 7 iliyo ndefu kuliko zote uipe siku tatu. Usifungue kamusi kwa kila neno. Zungushia maneno yasiyozidi matatu kwa ukurasa, yale tu yanayofunga maana ya sentensi. Kitabu kikiwa cha shule usikiandike. Tumia vikaratasi vya kunata. Alama mbili zinatosha: kiulizo penye jambo la kushangaza, mshale penye kitu kinachojirudia. Anayepaka rangi ukurasa mzima hajachagua chochote. Kila baada ya kurasa kumi andika mistari mitatu kwenye daftari: nani anataka nini, nini kimebadilika, na sentensi moja ya ajabu pamoja na ukurasa wake. Majaribio madogo huuliza vitu vya namna hiyo hasa, vile ambavyo muhtasari wa mtandaoni huviruka. Na kama maktaba ina kitabu cha kusikiliza, sikiliza huku macho yakifuata maandishi. Utasikia ni wapi msimulizi anamsifu mtu na wapi anamsema, jambo ambalo kwa kusoma peke yake linampita mgeni wa lugha.

Semina. Ukimya wako tunauelewa, na mwalimu wako hawezi kuuelewa. Umelelewa kutodakia maneno na kutomkazia macho mkubwa. Kwenye duara lile, anayetazama chini anahesabiwa kwamba hakusoma. Njoo na kadi tatu ulizoziandika nyumbani. Ya kwanza ina swali ambalo huna jibu lake. Ya pili ina mstari mmoja wa shairi na unachokiona ndani yake. Ya tatu ina jambo ambalo unadhani wengi watalisema, na sababu yako ya kutokubaliana nalo. Tumia kadi ya kwanza ndani ya dakika tano za mwanzo. Ukichelewa, moyo unazidi kudunda na nafasi zinazidi kuwa nyembamba. Kutaja jina la mwenzako kabla ya kumjibu, na kutaja mstari unaouzungumzia, ndiyo adabu ya pale, na kwa kawaida ndiyo vinavyopewa alama.

Na shairi lenyewe ni zawadi kwako. Hughes aliliandika 1920, akiwa kijana asiyekuzidi umri kwa mengi, treni yake ikivuka mto Mississippi, likachapishwa 1921. Ni fupi, halimalizi ukurasa. Linataja mito minne kwa mpangilio huu: Frati, Kongo, Nili na Mississippi. Angalia vitenzi. Kwenye Frati msemaji anaoga, alfajiri za dunia zikiwa bado changa. Kando ya Kongo anajenga kibanda, na mto unambembeleza analala. Nili anautazama na kusimamisha piramidi juu yake. Mississippi anausikia ukiimba, wakati Abraham Lincoln alipoteremka kwenda New Orleans. Hakuna mtu mmoja aliyeishi miaka yote hiyo. Basi "mimi" wa shairi ni nani? Na kwa nini kwenye mito mitatu ya mwanzo anatenda jambo, wa nne anausikia na kuutazama tu? New Orleans ilikuwa na masoko makubwa ya watumwa, na biashara ya mto ule iliteremka huko. Kati ya maswali hayo mawili chagua moja, ndilo kadi yako ya kwanza. Katika duara zima huenda ni wewe peke yako unayeweza kusoma jina Kongo bila kulifikiria kama nchi ya kwenye ramani ya mbali. Sema unaona nini pale kwenye kibanda na usingizi, kisha rudi kwenye mstari.

Sasa rafiki yako na programu yake. Hapana, na sababu si hofu tu. Walimu wengi hufungua historia ya matoleo ya hati ya Google, wakaona insha imeandikwa kwa siku nne au imebandikwa yote kwa dakika moja. Ukikutwa, kazi kubwa moja inakuwa sifuri: kwa alama zako, sifuri na 74 ni wastani wa 37, na hata majaribio na mazoezi yote yakiwa 77 hufiki 60. Zaidi ya hapo, programu hizo hupenda kutunga nukuu ambazo kitabu hakina. Kuna njia nyingine yenye mtego ule ule: kuandika insha nzima kwa Kiswahili kisha kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Inaacha alama ile ile ya kubandika, na Kiingereza chake hakitafanana na chako cha darasani. Fikiri kwa Kiswahili, panga kwa Kiswahili, hata andika dai lako kwa Kiswahili mpaka likunyookee. Aya ziandike kwa Kiingereza chako moja kwa moja, ndani ya hati moja, tangu sentensi ya kwanza.

Lipo la mwisho ambalo hukuuliza. Somo hili Georgia lina mtihani wa jimbo mwishoni, Georgia Milestones, unaoingia kwenye alama yako kwa asilimia iliyoandikwa kwenye silabasi. Hauulizi vitabu mlivyosoma. Unakupa vifungu usivyowahi kuviona, na unakutaka uandike ukitumia ushahidi kutoka humo. Kalamu zako tatu za rangi ndizo maandalizi yake. Na kama shule imekuandikisha kwenye huduma za wanaojifunza Kiingereza, unaweza kupangiwa muda wa nyongeza na kamusi ya neno kwa neno, ile isiyo na maelezo ya maana. Nafuu hizo huamuliwa na kamati ya shule na kuandikwa kwenye mpango wako kabla ya siku ya mtihani. Mjomba aombe kikao na mratibu wa huduma hizo mwezi huu, na akuletee nakala ya mpango uikague wewe mwenyewe kama kamusi imeandikwa.